UZI: Alama za taimingi: usiguse ufunguo kabla hujaizungusha injini kwa mkono mara mbili

#1. Mwanzisha uzi, Nakuru

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi wa magari hapa Nakuru, na kazi yangu kubwa ni injini. Naandika huu uzi kwa sababu kuna kosa moja nimekutana nalo tena na tena, na mwezi uliopita nililifanya mwenyewe. Linahusu kulinganisha alama za kamshafti (mhimili wa juu unaofungua valvu) na krankishafti (mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni) unapofunga mkanda wa taimingi, ule unaoiunganisha mihimili hiyo miwili.

Mwalimu mmoja kutoka upande wa Njoro aliniletea Corolla AE110, injini ya 5A-FE. Akaniambia, "Fundi, gari hili tangu libadilishwe mkanda si langu tena." Barabara tambarare linaenda vizuri tu. Likishapita Salgaa na kuanza kupanda Sachangwan, linakufa nguvu hadi arudi gia ya pili, huku lori limemshika nyuma. Petroli nayo linakunywa kama halina shukrani. Alikuwa amebadilishiwa plagi, nyaya za plagi, filta ya petroli, hata pampu. Pesa zote hizo, na gari ni lilelile.

Nilipofungua boneti, kitu cha kwanza nilichoona ni distribyuta, kile kifaa kinachogawa cheche kwenye plagi. Ilikuwa imegeuzwa mpaka mwisho wa tundu lake refu, boliti imegota ukingoni. Hapo ningepaswa kushtuka. Fundi hageuzi distribyuta mpaka mwisho isipokuwa anatafuta kitu kilichopotea mahali pengine.

Nikatoa kava ya juu. Ndani nikakuta alama nyeupe za wino ule wa kufutia maandishi, moja kwenye gia ya kamshafti, nyingine kwenye kichwa cha injini. Nikazungusha krankishafti mpaka alama ya puli ikafika sifuri, nikaangalia juu: nyeupe kwa nyeupe, zimelingana. Nikasema taimingi iko sawa. Nikafunga kava nikaanza kutafuta ugonjwa kwingine. Siku nzima ya mwalimu ikapotea hivyo.

Jioni sikuridhika. Nikafungua tena, nikachukua kitambaa chenye petroli nikafuta gia yote mpaka chuma kikang'aa. Wino ukatoka. Nikamulika tochi ya simu, nikaona kitundu kidogo cha kiwanda kwenye gia, ambacho kinatakiwa kikae sawasawa na mkato ulioko kwenye kepu ya bearing nyuma yake. Havikukutana. Vilikosana kwa jino moja kamili. Ule wino mweupe ulipakwa na fundi aliyetangulia, tena aliupaka baada ya kukosea, na mimi nikauamini kuliko chuma.

Nilimpigia mwalimu nikamwambia ukweli, na siku ile sikumtoza. Kesho yake nikarudisha jino, nikaweka distribyuta mahali pake, akapanda Sachangwan kwa gia ya nne.

Kwa hiyo neno langu ni hili: alama ya kuaminika ni ile iliyochongwa kwenye chuma na kiwanda, na hata hiyo usiiamini mpaka injini imezunguka kwa mkono mara mbili kamili ikarudi palepale. Maswali karibuni, na mafundi wenzangu ongezeni.

#2. Mchangiaji, Kisumu

Asante mkuu. Mimi si fundi wa kusomea, nina Probox yangu ya biashara na napenda kushika spana mwenyewe. Kwa nini mara mbili? Mara moja haitoshi? Na hilo jino moja tu linawezaje kuua nguvu kiasi hicho?

#3. Mwanzisha uzi, Nakuru

Swali zuri sana, ndugu. Injini ya mipigo minne inamaliza kazi yake yote (kuvuta hewa, kubana, kuwaka, kutoa moshi) katika mizunguko miwili ya krankishafti. Kamshafti inazunguka mara moja tu katika muda huo, ndiyo maana gia yake ina meno mara mbili ya gia ya chini. Ukizungusha krankishafti mara moja, alama ya chini itarudi sifuri, lakini ya juu itakuwa imekwenda nusu tu, iko upande wa pili. Watu wengi huingiwa na hofu hapo wakadhani wamekosea. Hujakosea, endelea. Mzunguko wa pili ndio unaozikutanisha zote.

Kuhusu jino: hesabu meno ya gia ya krankishafti. Chukua mfano wa gia yenye meno 20. Gawa nyuzi 360 kwa 20, kila jino ni nyuzi 18 za krankishafti. Maana yake valvu zote zinafunguka na kufunga nyuzi 18 mapema mno au zimechelewa. Injini itawaka, itanguruma, lakini haishibi hewa inavyotakiwa. Chini hapo Kisumu huenda usigundue haraka. Huku kwetu ambako mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Mau Summit unazidi kupanda, hewa ni nyembamba tayari, na gari linaonyesha ugonjwa wake kwenye mlima wa kwanza.

Distribyuta sasa. Kwenye hizi injini za 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE, unaunganisha pini za TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi, injini ikiwa imepata joto, halafu unaangalia kwa taa ya taimingi: cheche iwe nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Ikiwa unalazimika kugeuza distribyuta mpaka mwisho ndipo uzipate hizo 10, simama. Distribyuta inasogeza cheche peke yake, haisogezi valvu. Unaficha kosa la mkanda, na mteja ndiye anayelilipia kila anapojaza petroli.

Namna ninavyofunga mimi: natoa plagi zote nne kwanza, ili injini izunguke kwa wepesi bila kubana hewa. Nazungusha kwa boliti ya krankishafti, kwa soketi na mpini mrefu, kuelekea upande inaozunguka ikiwa kazini. Kwa Toyota, ukisimama mbele ya mikanda, ni kama mshale wa saa. Honda kadhaa za zamani ni kinyume, kwa hiyo jua gari lako. Usizungushe kwa boliti ya kamshafti. Ukifika karibu na alama ukaipita, usirudi nyuma kidogo kuitafuta. Zunguka tena mizunguko miwili uifikie kutoka upande uleule, kwa sababu ukirudi nyuma ulegevu wa mkanda unahamia upande usiotakiwa.

Mkanda mpya unaanza kuuvalisha chini, kwenye krankishafti, kisha unaupandisha upande ambao hauna tenshena, yaani puli inayoukaza mkanda. Upande huo uwe umekazika kama kamba ya nguo iliyoloa. Ulegevu wote uachie upande wa tenshena. Hapa ndipo jino linapopotelea: unauvalisha mkanda alama zikiwa sawa kabisa, halafu ukiachia tenshena spring inavuta, na gia ya juu inageuka kidogo mbele ya macho yako, karibu nusu jino. Aliyeharakisha haoni. Ndiyo maana baada ya kuachia tenshena nazungusha mara mbili, naangalia, ndipo nakaza boliti yake.

Na ukiangalia, weka jicho usawa na gia. Ukichungulia kutoka juu ya mlinzi wa tope, utaona alama zimelingana kumbe zimepishana. Mimi natumia kioo kidogo cha kujitazama na tochi. Pale ambapo kioo hakiingii napiga picha kwa simu, nikiiweka usawa na gia.

#4. Mchangiaji, Bungoma

Salamu kutoka Bungoma. Naongezea upande wa dizeli, maana huku matatu ni Hiace na zile za injini ya 5L bado zinapiga kazi Chwele hadi Kimilili kila siku.

Kwa 5L alama ni tatu: krankishafti, kamshafti na puli ya pampu ya dizeli. Mkanda mmoja unazishika zote. Ukitoa mkanda wa zamani, puli ya pampu ina tabia ya kuruka, kwa sababu ndani kuna spring inayoisukuma. Vijana wakiona imeruka wanaingiwa na wasiwasi, wanafunga popote. Ishike kwa spana, irudishe kwenye alama yake, mtu wa pili avalishe mkanda.

Pampu ikichelewa jino moja, asubuhi gari linakataa kuwaka, na likiwaka linatoa moshi mweupe unaochoma macho steji nzima. Ikiwahi, injini inagonga kama nyundo kwenye bati. Ukisikia hivyo usikimbilie nozeli (vinyunyizi vya dizeli), fungua kava kwanza.

Na tafadhali, wenye magari, taa ya T-BELT ikiwaka kwenye dashibodi msiiwekee gundi nyeusi. Nimeona kwa macho yangu. Kwenye hizi injini za familia ya L inawaka kila kilomita 100,000 kukwambia mkanda umefika mwisho. Mkanda ukikatika kwenye 5L, pistoni na valvu zinakutana. Mwenye matatu niliyemjua alikaa bila gari karibu mwezi, makanga na dereva wake nao bila kazi, kwa sababu ya taa iliyozibwa.

#5. Mwanzisha uzi, Nakuru

Mzee wa Bungoma, asante sana. Hilo la pistoni na valvu kukutana ningependa kila msomaji alielewe.

Kuna injini ambazo mkanda ukikatika zinazimika tu, kwa kuwa pistoni ikifika juu bado kuna nafasi kati yake na valvu iliyofunguka. 5A-FE ya mwalimu ni mojawapo, ndiyo maana kosa lake halikupinda kitu. Injini nyingine hazina nafasi hiyo: hizo dizeli, Subaru nyingi, na Toyota zinazotumia cheni badala ya mkanda, kama 1NZ-FE. Humo jino moja huenda likasamehewa, mawili au matatu ni valvu zilizopinda na kichwa kutoka.

Mkono unajua tofauti. Ukizungusha plagi zikiwamo na injini ikabana hewa, spana inakuwa nzito kisha inalegea polepole, kama kusukuma mlango ambao mtu ameuegemea. Ikiwa ni pistoni imegusa valvu, inasimama ghafla, chuma kwa chuma. Hapo usiongeze nguvu hata kidogo. Rudi nyuma taratibu, tafuta kosa. Ukifanya kazi hii kwa ufunguo badala ya mkono, stata haitauliza.

#6. Mchangiaji, Kisumu

Mkuu, sasa umenitia hofu. Probox yangu ni hiyo 1NZ-FE. Asubuhi nikiiwasha inapiga kelele ya cheni sekunde chache kisha inanyamaza, na nikipanda Riat kuelekea Kiboswa nikiwa na mzigo naona imelegea. Taa ya injini imewaka, kijana mwenye mashine ya kusoma kodi (namba za hitilafu) pale Kibuye akanipa P0016. Nimeshanunua cheni mpya, tenshena na miongozo yake. Nimefungua mbele. Nifunge vipi?

#7. Mwanzisha uzi, Nakuru

P0016 maana yake kompyuta inaona sensa ya kamshafti na ya krankishafti hazisemi kitu kimoja. Cheni iliyorefuka inaleta hiyo kodi, na kelele ya asubuhi inaliunga mkono hilo, kwa sababu tenshena ya cheni inasukumwa na presha ya oili. Mpaka oili ifike, cheni inapiga kava. Lakini kabla ya kulaumu cheni peke yake, tazama rangi ya oili yako na mara ya mwisho uliibadilisha lini. Oili iliyogeuka matope inachelewesha tenshena na inaziba valvu ndogo ya VVT-i, ule mfumo unaobadilisha taimingi ya kamshafti injini ikiwa kazini.

Kufunga: cheni ina viungo vitatu vyenye rangi tofauti na vingine. Kimoja ni cha gia ya krankishafti, viwili ni vya gia za kamshafti. Kila kiungo cha rangi kikalie alama ya gia yake. Gia ya VVT-i ndani ina pini inayoifunga. Hakikisha imefunga kabla ya kulinganisha, kwa maana ikiwa huru gia inacheza na alama inakudanganya.

Ikiwa kamshafti zimehama na unataka kuzirudisha, usizigeuze pistoni zikiwa juu. Geuza krankishafti robo mzunguko kwanza ili pistoni zote nne ziwe katikati ya silinda, ndipo ugeuze kamshafti, kisha rudisha krankishafti kwa njia ileile uliyoitoa.

Sasa sikiliza hili vizuri. Ukishafunga na kuzungusha mara mbili, viungo vya rangi havitarudi kwenye alama. Vitakuwa vimekwenda mbali, na itachukua mizunguko mingi sana vikutane tena. Hilo si kosa. Rangi ni ya wakati wa kufunga tu. Baada ya hapo unaangalia alama za gia zenyewe na alama ya krankishafti. Nimewahi kuona fundi kijana akiivunja kazi yake nzuri mara tatu usiku kwa sababu hakuna aliyemwambia hivyo.

#8. Mchangiaji, Kakamega

Ngoja niwaokoe wenye Subaru, maana vijana wa huku wanazipenda na wanazilia. Kwenye injini ya EJ20 gia ya krankishafti ina mshale usoni. Mshale unavutia macho, kila mtu anaulinganisha. SI HUO. Alama ya taimingi ni mchoro mdogo kwenye ukingo wa nyuma wa gia, ule wenye meno ya sensa, na unakutana na mkato ulioko nyuma juu yake. Ukitumia mshale umeharibu.

Ukifunga kwa alama sahihi, pistoni zote zinakuwa katikati, hapo ni salama kugeuza kamshafti. Zile za kamshafti nne, upande wa kushoto spring za valvu zinasukuma. Ukiachia gia inaruka yenyewe na kung'ata vidole. Na kwa kuwa mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji, ukiufungua badilisha pampu na zile puli laini pia. Kurudi huko baada ya miezi sita kwa ajili ya pampu inayovuja ni kazi mara mbili.

#9. Mchangiaji, Nakuru

Hamjambo kaka zangu. Mimi ni mama tu mwenye gari, sijui spana. Nikipeleka gari kubadilishiwa mkanda nitajuaje kwamba kazi imefanywa hivi mnavyosema? Mwaka jana niliuziwa mkanda ambao maandishi yalifutika kwa kidole.

#10. Mwanzisha uzi, Nakuru

Shikamoo mama, na asante kwa kuuliza, maana huu uzi ni wenu kuliko wetu.

Mwombe fundi akupigie picha mbili: moja kabla hajatoa mkanda wa zamani, alama zikiwa zimekutana, nyingine baada ya kufunga mpya na kuzungusha. Fundi anayejua kazi hatakasirika. Mimi wateja wakiniomba nafurahi, kwa sababu picha inanilinda hata mimi. Mwambie akurudishie mkanda wa zamani na sanduku la mpya. Muulize kama sili za oili za krankishafti na kamshafti zinavuja; oili ikidondokea mkanda inaulainisha, na hata mkanda halisi hautamaliza safari yake. Akipaka alama za wino, sawa, zinasaidia macho, lakini azipake juu ya alama za kiwanda na kazi ikiisha azifute, asije akamdanganya fundi mwingine baada yake. Mimi sasa nafuta kila mara.

Kuhusu huo mkanda wa maandishi kufutika, ulifanya vyema kuushuku. Usiufunge.

#11. Mchangiaji, Kisumu

Wakuu, nimerudi. Jana jioni nilifunga cheni, viungo vya rangi nikavikalisha nilivyoona mimi. Mzee jirani alinihimiza niwashe tu kabla giza halijaingia, kesho kuna mzigo wa samaki wa kupeleka Luanda. Nikakumbuka uzi. Nikatoa plagi, nikashika mpini, nikaanza kuzungusha. Karibu na mzunguko wa kwanza kuisha, tap. Ikasimama ghafla. Si nzito, imesimama kabisa, kama ulivyosema chuma kwa chuma. Mkono wangu ulitetemeka.

Nikarudi nyuma taratibu, nikatoa cheni, nikaisafisha vizuri na kuiweka mwangani. Ilikuwa na oili, na kiungo cha rangi nilichokikalisha kwenye gia ya kamshafti ya ingizo (ya valvu za hewa) kilikuwa cha kawaida kilichochafuka, cha rangi halisi kilikuwa viungo viwili pembeni.

Leo asubuhi nimefunga upya, nimezungusha mara mbili, halafu mara mbili tena. Imezunguka bila kugusa. Alama zote ziko mahali pake, nimezipiga picha. Sijawasha bado; nasubiri gundi ya kava ikauke. Samaki wamekwenda na gari la jirani.

#12. Mwanzisha uzi, Nakuru

Umeokoa kichwa cha injini, ndugu yangu. Nimefurahi mpaka nimewasomea vijana wangu hapa gereji ulichoandika.

Kabla ya kurudisha plagi, mimina oili mpya, kisha zungusha kwa stata mara chache fupi bila plagi, injini isiwake, ili oili ifike kwenye tenshena na cheni ikazike. Rudisha plagi, washa, sikiliza sekunde kumi za kwanza. Futa P0016 kwa mashine, halafu panda Riat na mzigo, utuambie.